Kabla hujalipia kozi ya masaji, uliza watakufundisha lini USIMGUSE mteja

Nikimwambia mtu nafanya masaji, jibu ni lilelile kila siku, "aah hata mimi nina mikono mizuri bana, nikimkanda mtu mgongo analala hapohapo, nianzie wapi?" Mikono mizuri sawa, siyo mbaya, lakini siyo hiyo inayomtenganisha mtaalamu na mtu anayejua tu kukanda. Mimi maoni yangu, na najua wenye kozi za wikiendi watanuna, chuo cha masaji kipimwe kwa muda wanaotumia kukufundisha ni mteja gani hupaswi kumkanda.

Kwasababu zile mbinu zenyewe za mkono, kuteleza na mafuta, kukanda nyama, kusugua kwa kuzunguka, kupigapiga kwa ubavu wa kiganja, mtu mwenye nia anazishika mapema tu. Ndo hiyo masaji ya Kiswidi tunayoitangaza kila mahali, sifa zote anapewa Per Henrik Ling aliyeanzisha chuo chake cha mazoezi ya viungo Stockholm mwaka 1813, wakati anayetajwa sana kuwa ndo alizipanga hizo mbinu kimfumo ni daktari wa Uholanzi, Johan Georg Mezger. Haya tuyaache.

Kazi iko kwenye anatomia. Misuli mwilini ni zaidi ya 600 na hakuna anayekudai uitaje yote usingizini, ila ukiweka kidole mahali ujue chini yake kuna nini. Mbele ya shingo, kwapani, upande wa ndani wa kiwiko, kwenye kinena, nyuma ya goti, hizo ni sehemu ambazo mishipa mikubwa ya damu na neva zinapita juujuu bila msuli mnene wa kuzikinga, sasa wewe ujitie una nguvu uzame na kiwiko hapo nyuma ya goti, utasikia.

Chukua mfano huu mmoja. Anakuja mteja, ametoka safari ndefu ya kukaa kwenye kiti au alikuwa amelala kitandani wiki kadhaa baada ya upasuaji, anakwambia shavu la mguu linauma, kandamiza hapo kwa nguvu usiniogope. Unaangalia mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, unagusa kwa mgongo wa mkono, una joto, na rangi imebadilika kidogo. Mwenye mikono mizuri ataongeza mafuta. Aliyesoma anasimama hapohapo, hakandi, anamwambia nenda hospitali leo hii wala usisubiri kesho, maana hiyo inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa wa ndani na kipande kikichomoka kinaweza kwenda hadi kwenye mapafu, na hapo tunaongelea kifo. Mteja atakasirika na hela yake utaikosa. Sasa niambie somo hilo utalipata saa ngapi kwenye kozi ya siku mbili?

Ndo maana wenzetu wameweka sheria. Texas wanataka masaa 500 ya mafunzo kabla ya leseni, New York masaa 1000, Japani ni miaka mitatu kamili na mtihani wa taifa juu. Sisemi masaa peke yake yanatosha, unaweza kukaa masaa 1000 ukifundishwa kupanga mishumaa na kuweka mziki laini. Na sheria zinatofautiana sana, kwahiyo kabla hujatoa hata senti uliza kwa wanaotoa leseni pale unapotaka kufanyia kazi kama cheti cha hicho chuo wanakitambua, usimuulize mwenye chuo, yeye anauza.

Kitu kingine kidogo. Mwalimu akianza kukwambia masaji inatoa sumu mwilini, chukua begi lako. Kuna ini na figo kwa kazi hiyo. Hata ile asidi ya laktiki wanayosema unaikamua kwenye misuli ya mwanamichezo, mwili wenyewe unaimaliza ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi. Masaji inapunguza maumivu, inatuliza, mtu anasogeza shingo vizuri zaidi, hayo yanatosha kabisa kuuza huduma bila kuongeza chumvi.

Alafu mwili wako wewe, hapa ndo wengi wanaishia. Kidole gumba ndo chombo cha kwanza kuharibika kwa anayeanza, anasukuma kwa gumba kutwa nzima, mabega yamepanda hadi masikioni, kitanda kiko juu mno, baada ya muda hata kufungua chupa ya maji anaomba msaada. Shusha kitanda. Mguu mmoja mbele mwingine nyuma, legeza magoti, mkono uwe umenyooka bila kukakamaa, alafu uzito wa mwili ndo uegemee kwa mteja, siyo misuli ya mkono. Kazi nzito ifanye kwa kigasha, yaani kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono, gumba liache kwa vile vifundo vidogo vya misuli iliyokaza tu. Na mwalimu mzuri utamjua hapa, anapita nyuma yako anakurekebisha miguu, wala haangalii mikono.

Kuhusu kuanza kazi, ushauri wangu ajiriwa kwanza, hata kama ndoto ni kuwa na chumba chako, maana ukiwa peke yako hakuna wa kumuuliza ukikutana na ngozi yenye vipele usivyovielewa. Ila kwenye usaili na wewe uliza. Wateja wangapi kwa siku, na kati ya mteja na mteja napewa dakika ngapi, maana kuna sehemu wanakupangia mfululizo hata kubadilisha shuka unakimbia. Na lile swali ambalo watu wanaona aibu, mteja akitaka huduma ambayo siyo masaji, nikisimamisha na kutoka chumbani, nani atabaki upande wangu? Meneja akicheka au akianza kusema inategemea na mteja mwenyewe, aga uondoke, hata kama mshahara umekuvutia.