Heri Ningezaliwa Mwembe

Uani kwetu hapa Majengo, Mombasa, pana viumbe viwili visivyolipa kodi: mwembe wa mwenye nyumba na mbuzi wa jirani. Mlipaji ni mimi. Na ukitazama sana, sote watatu shughuli zetu ni zile zile: kula, kupumua, kutoa taka, kukua, kuzaa. Ila bili huletewa mimi.

Chakula, kwa mfano. Mwembe haujui bei ya unga. Majani yanapokea mwanga wa jua, yanavuta hewa ya kabonidayoksaidi kupitia vitundu visivyoonekana kwa macho, mizizi inapandisha maji, ule ukijani wa jani unapika, sukari tayari. Usanisinuru huo, muulize mtoto yeyote wa shule. Hakuna gesi, hakuna makaa, wala hakuna mama wa mahamri wa kukukumbusha deni mbele za watu. Jua hilo hilo likinipiga mimi kutoka Buxton hadi Mwembe Tayari, sukari siioni. Naambulia shati lililoroa mgongoni.

Mbuzi naye, ingawa ni mnyama mwenzangu, ana mambo yake. Juzi nimemkuta anatafuna boksi la feni yangu, boksi nililolitunza kwa ajili ya garantii. Akaanza pembeni, akafika kwenye picha ya feni, akanitazama, akaendelea. Tumbo lake lina vyumba vinne, na ndani mna vijidudu vya kumvunjia vunjia hayo makaratasi ambayo tumbo langu haliyawezi. Vyumba vinne, jamani! Mimi na mke na watoto tuna kimoja, na vya kwake hakuna anayekuja kuvidai tarehe tano. Jioni analala kivulini, anacheua: mlo mmoja anaula mara mbili.

Mwenye nyumba alitaka kuniongezea kodi, ati uani pana hewa safi ya mwembe. Nikamwambia, bwana, mchana sawa. Usiku jua likizama mapishi yanasimama, lakini kupumua hakusimami: mti unavuta oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi, kama mimi, kama mbuzi. Akasema, basi usiku lala ndani.

Taka ndiyo usiseme. Mbuzi mkojo wake huumwaga kizingitini kwangu. Mwembe, kwa ustaarabu wake, taka nyingine huzipakia kwenye majani yaliyozeeka, kisha huyaangusha. Anayefagia mnamjua.

Ati mti hautembei! Matawi yamelifuata jua mpaka yamepanda juu ya bati langu. Embe likidondoka saa nane za usiku, mke wangu huniamsha nikamtazame mwizi. Na embe lenyewe si letu, limehesabiwa.

Ila kwa uzazi, wallahi, mkoko nauvulia kofia. Nenda Tudor maji yakipwa, utaona mbegu zimeshaota zingali zinaning'inia kwa mama yao. Siku ikifika mtoto anaachia, anadondoka topeni, anatia mizizi, basi. Mwana wa mbuzi naye hukaa tumboni miezi mitano tu, na siku ile ile aliyozaliwa anasimama. Sasa mimi nina shemeji. Ndevu zimemfika kifuani, bado ananing'inia kwa dada yake. Leo asubuhi ameniuliza, "Shemeji, chai ina nini?"

Nikamfungulia dirisha, nikamwonyesha jua.