Goti la Mbuzi na Goti Langu

Ukitaka kujua gegedu la goti ni kitu gani, usianze kwa daktari. Nenda Marikiti asubuhi, mwombe muuza nyama akupasulie goti la mbuzi. Utaona ncha za mifupa zimevikwa utando mweupe, mgumu, unaoteleza. Hilo ni gegedu. Kati ya mfupa wa paja na wa muundi utakuta vipande vingine viwili vilivyopinda kama mwezi mwandamo. Madaktari huviita meniskasi. Kazi yake ni kuupokea uzito na kuutandaza usiangukie mahali pamoja. Mimi nilikuja kuvitazama hivi miaka miwili baada ya kuchana changu.

Ilikuwa mpira wa mchangani, jioni, maji yameshakupwa. Mguu ulizama mchangani, kiwiliwili kikageuka, nikasikia "tap". Nilimaliza mechi. Asubuhi goti lilikuwa limejaa kama boga.

Nyumbani hawakuwa na shaka: limeteguka. Akaitwa mzee wa kukanda, akaja na mafuta yake ya simsim. "Kaza meno, mwanangu," akaniambia, na kweli niliyakaza. Sina ugomvi na wakandaji. Msuli uliokakamaa wanaulegeza vizuri kuliko wengi. Lakini gegedu lililochanika si kiungo kilichotoka mahali pake, hakuna cha kurudisha. Goti lililovimba ukilikanda kwa nguvu unalizidishia tu.

Kisha hospitali. Eksirei, dakika tano, "goti lako zima", tembe za kutuliza maumivu, nenda nyumbani. Hapa ndipo ninapolaumu. Eksirei huonyesha mifupa, gegedu haionyeshi. Inachoweza ni kukuonyesha nafasi kati ya mifupa imebana, na hiyo ni dalili ya gegedu lililokwisha kulika. Kumwambia mtu goti lake ni zima kwa picha hiyo peke yake ni sawa na kutazama ukuta wa nje ukasema mabomba ya ndani hayavuji. Daktari angeniambia tu, "mfupa haukuvunjika, mengine bado sijui," ningemshukuru.

Siku ya siku ilikuja pale Likoni, nateremka kuiwahi feri, watu nyuma wanasukuma. Goti likajifunga. Halikunjiki zaidi, halinyooki. Nikasimama mguu mmoja kama korongo, mama mmoja mwenye kapu la maembe ananiambia, "Kaka, pita basi!"

Daktari wa pili alilishika goti kwanza, akalizungusha, akabonyeza pembeni, ndipo akaagiza MRI, picha ya sumaku inayoonyesha hata gegedu. Kipande cha meniskasi kilikuwa kimechanika, kimejipindua na kukwama katikati, kama kitambaa kwenye bawaba ya mlango. Hilo ni goti la kuingizwa kamera, yaani kupasuliwa kwa matundu madogo, wala sibishi. Ukingo wa nje wa meniskasi una damu, kwa hivyo mchaniko wa hapo unaweza kushonwa ukapona, hasa kwa kijana. Sehemu ya ndani haina damu, haijiungi. Yangu ilikatwa kidogo tu. Zamani walikuwa wakiing'oa nzima, ingawa tangu mwaka 1948 Fairbank, daktari wa Uingereza, alikuwa ameshaeleza jinsi magoti yaliyong'olewa meniskasi yanavyobadilika kwenye eksirei.

Tatizo ni kwamba tangu nipone, kila mwenye miaka hamsini na kitu pale barazani anataka kamera kama yangu. Jamani, goti lenu si goti langu! Goti linalouma kwa kulika polepole ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2002, huko Houston, wagonjwa 180 wa namna hiyo waligawanywa: wengine wakaoshwa goti kwa kamera hiyo, wengine wakakwanguliwa, wengine wakachanjwa ngozi tu bila kufanyiwa chochote ndani. Baada ya miaka miwili, waliochanjwa ngozi hawakuwa na hali mbaya kuliko wenzao. Mwaka 2013 Wafini wakapata jawabu kama hilo kwa watu 146 ambao meniskasi zao zilikuwa zimechakaa na kuchanika. Mtu anauza shamba la nazi kulipia kitu hicho!

Kinachosaidia hakina hadhi barazani. Kuimarisha msuli wa paja: kaa kitini, nyoosha mguu, uzuie hewani, shusha taratibu, au simama na ukae bila kushika kitu. Kila siku, wiki baada ya wiki. Na uzito: kilo moja ikipungua mwilini, goti hupunguziwa kama kilo nne kila hatua. Yakipita mahamri kwa mbaazi, hesabu hiyo hakuna anayetaka kuisikia.

Ipo pia tiba ya kuchukua chembe za gegedu, kuzikuza maabara na kuzipandikiza. Waswidi waliitangaza mwaka 1994. Inafaa kwa kidonda kimoja, kwenye goti la kijana. Goti lililolika lote huwezi kulipiga plasta.

Shangazi yangu, aliyekalia mbuzi ya kukunia nazi miaka arubaini huku amekunja magoti, kasikia habari hizo. Juzi kanipigia simu anauliza sindano ya kuotesha gegedu bei gani.

"Shangazi, yale mazoezi umefanya mara ngapi?"

"Nne."

Nilimfundisha kabla ya Ramadhani. Sasa tumeshakula Idi.