Suruali ya Kaki na Mkosi wa Zohali

Kwa kuwa jirani yangu wa hosteli, Mkenya mmoja asiyejua kufunga mdomo, ameshatuma kwenye kundi letu sauti ya dakika nne akidai kwamba nimewaibia mahujaji nguo kisha nikakimbizwa nikiwa uchi, nimeona nieleze mwenyewe yaliyotokea Thirunallar, mji wa hija ya Wahindu huku kusini mwa India, maana maelezo yake yana uongo mmoja mkubwa: sikuwa uchi. Nilikaribia tu.

Mlio nami tangu zamani mnajua kwamba nasoma hapa Tamil Nadu, na kwamba mama wa rafiki yangu mwenyeji, ambaye sote tunamwita Amma, amenifanya mwanawe. Mwanawe wa kumzaa ameanguka usaili wa kazi mara tatu mfululizo, amevunjika mkono kwa pikipiki, na mchumba ameghairi. Kwa hesabu ya mnajimu wao, hayo yote ni kazi ya sayari ya Zohali, wanayemwita Shani, ambaye hukaa karibu miaka 2 na nusu katika kila burji kati ya zile kumi na mbili za unajimu na humtesa mtu katika burji tatu zinazofuatana, yaani miaka 7 na nusu kamili. Marehemu bibi yangu wa Tanga, ambaye hakupanda basi kabla ya kupigiwa falaki, angemwelewa Amma bila mkalimani, kwani hata kwetu pwani Zohali ni nyota ya nuhusi.

Mahekalu ya miungu ya sayari katika delta ya mto Kaveri ni tisa, mengi yakiwa jirani na mji wa Kumbakonam. Kule Alangudi kwa Mshtarii watu hupeleka dengu, na kule Thirunageswaram kwa Rahu, mwingine wa miungu hao, waumini husimulia kwamba maziwa yanayomiminwa juu ya sanamu hugeuka samawati. Wapo wanaoyazungukia yote tisa kwa safari moja, lakini Amma hakuwa na ugomvi na hao wengine; alimtaka Zohali peke yake, ambaye hekalu lake ndilo la Thirunallar, tena Jumamosi, ambayo ndiyo siku yake, na ndiyo maana pale palikuwa hapatoshi hata pa kuweka kandambili.

Shughuli huanzia bwawani, Nala Theertham, lililopewa jina la Mfalme Nala, aliyepoteza ufalme kwa kamari ya dadu na ambaye, kama wanavyosimulia, aliachiwa na Zohali papo hapo Thirunallar. Mtu hujipaka mafuta ya ufuta, huzama, hutoka, na nguo alizoogea huziacha palepale, kwa kuwa mkosi wake umebaki humo. Haya nilielezwa ndani ya basi, nami nikatikisa kichwa kama aliyeelewa.

Hekaluni sikukusudia kuingia, kwa kuwa si dini yangu, lakini Amma alisema joto halina dini, nioge. Simu na shati nilimkabidhi yeye. Suruali niliona haya kumpa mama wa watu anishikie, kwa hiyo nikaikunja vizuri, nikaiweka kwenye ngazi za bwawa, nikafunga kikoi nikashuka majini. Ninyi mnaosoma mmeshaliona tatizo. Mimi nililiona nilipoibuka, pale nilipokuta ngazi tupu na mfanyakazi mwenye reki akisukumia nguo za watu kwenye rundo lililonifika kiunoni.

Nilipanda mbio, miguu ikiteleza kwa mafuta. Katikati ya lungi, magauni na mataulo yaliyolowa niliona mguu wa kaki, nikaukamata, nikavuta, rundo likakataa. Nikakanyaga rundo, nikavuta kwa mikono miwili, na hapo ndipo mzee mmoja, maji yakimchuruzika ndevuni, alipopiga ukelele, akaushika mguu wa pili wa suruali na kuanza kuurudisha ndani, huku akinisemesha Kitamil kwa upole ule wa kumsemesha mtoto aliyeokota wembe. Nami nikawa namjibu kwa Kiswahili, sijui kwa nini: "Mzee wangu, hii ni yangu. Niachie, mzee wangu."

Fundo la kikoi likalegea. Nililisikia likiteleza nyonga ya kushoto, likatua kidogo, likaendelea. Mikono nilikuwa nayo miwili tu, na yote ilikuwa na kazi. Kuachia suruali ni kuachia ufunguo wa chumba ulio mfukoni. Kuachia kikoi, mtanisamehe, si jambo la kuandika. Nikabana magoti, nikainama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, na katika hali hiyo nikaendelea kuvuta, mbele ya watu wazima na watoto wao, na mbele ya kunguru mmoja ukutani, ndege ambaye ndiye kipando cha Shani, aliyekuwa akinitazama kwa utulivu wa mwenye mali.

Mzee akaachia ghafla. Nikakaa kitako juu ya rundo, suruali mkononi. Nikaikunjua. Ilikuwa na kiraka gotini, ilinifika kwenye ugoko, na kiunoni tungeingia mimi na Mkenya wote wawili.

Amma alikuwa ameshafika. Aliitazama suruali, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ndogo: "Ya nani?"

Yaliyobaki ni machache. Suruali ilirudishwa rundoni, nikapakwa mafuta upya, nikazamishwa mara kadhaa kwa usimamizi wa yule mzee, kikoi changu kikaamriwa kubaki, nami nikarudi nimefungwa veshti, shuka ya kiunoni ya wanaume wa huku, iliyoshikiliwa kwa pini mbili za Amma. Mwanawe, mwenye mkosi wake rasmi, alicheka njia nzima na ndiye aliyempigia Mkenya simu.

Suruali yangu halisi haikuonekana, na ufunguo umekwenda nayo. Sasa ni saa sita za usiku, msimamizi wa hosteli amelala, na haya nayaandika nikiwa nimekaa koridoni, kwa sababu Mkenya amekataa katakata nisivuke kizingiti chake mpaka ithibitike kwamba sikurudi na kitu cha mtu.