Malawi na mbegu yake yenyewe

Bunge la Malawi lilipopitisha sheria ya bangi mwaka 2020, wengi walidhani wakulima wa bangi wa wilaya ya Nkhotakota sasa watatoka mafichoni. Wapi! Sheria iliruhusu bangi ya dawa na hempu ya viwandani, yaani bangi isiyolewesha inayolimwa kwa ajili ya nyuzi, tena kwa leseni. Ile ya kienyeji iliyoipa nchi umaarufu, inayofungwa kwenye maganda ya mahindi mpaka inafanana na gunzi, ilibaki haramu. Mwenye leseni apande mbegu iliyoidhinishwa.

Serikali ina hoja zake, na si za kupuuzwa. Mashina mawili ya kienyeji kutoka shamba moja yanaweza kupishana sana kwa THC, ile kemikali inayolewesha, ilhali mnunuzi wa dawa anataka mzigo wa leo ufanane na wa jana. Halafu kuna upepo. Bangi ina mashina dume na mashina jike. Maua ya dume yakipasuka, vumbi lake la manjano husafiri kilomita kadhaa, na jike likishachavushwa hugeuzia nguvu zake kwenye mbegu, ule utomvu wenye dawa ukapungua. Jirani mmoja anaweza kukuharibia msimu mzima. (Hempu nayo humharibia jirani vilevile, ila hilo halisemwi sana.)

Tatizo la mbegu za kutoka nje ni jua. Bangi hujua wakati wa kutoa maua kwa urefu wa usiku. Hempu za Ufaransa zilichaguliwa kwa kiangazi chenye mchana wa saa 15 na zaidi. Hapo hurefuka kwanza, maua baadaye. Zipande Malawi, ambako mchana mrefu kuliko yote ni kama saa 13: mmea unakutana na usiku mrefu tangu mwanzo, unaona msimu umekwisha, unachanua ukiwa bado mfupi. Nyuzi utazitoa wapi? Umelipia leseni, umelipia mbegu, umepalilia, kisha unavuna vijiti. Mbolea haitibu hilo, wala semina ya bwana shamba. Mbegu ya Nkhotakota, yenye majani membamba na isiyo na haraka ya kuchanua, imeuzoea usiku huo vizazi na vizazi.

Watasema: lakini inalewesha. Ni kweli, na vijana wanaoivuta mapema huumia. Ila kiwango cha asilimia 0.3 ya THC, ambacho Marekani na Ulaya hukitumia kutenga hempu na bangi, kilitokana na kazi ya wataalamu wawili wa mimea, Small na Cronquist, mwaka 1976. Walihitaji mstari wa kupangia makundi ya mimea, na Small mwenyewe alikiri kwamba sehemu ya kuuchora waliichagua tu.

THC yenyewe hurithiwa, kwa hiyo huweza kupunguzwa kwa kuchagua wazazi. Wachina walifanya hivyo Yunnan, jimbo la kusini lenye usiku mrefu kuliko wa Ulaya wakati wa kiangazi: kutoka mbegu za huko huko walipata Yunma 1, hempu yenye THC kidogo. Kituo cha utafiti cha Chitedze, nje kidogo ya Lilongwe, kingeweza kujaribu njia hiyo kwa mbegu za Malawi. Kinachotakiwa ni misimu kadhaa ya kuchagua na kibali cha kukusanya mbegu kwa wakulima bila kuwakamata. Na mkataba uandikwe mapema kuhusu nani atamiliki mbegu mpya, la sivyo watu wa Nkhotakota watakuja kuuziwa mbegu yao wenyewe.