Agosti 27: Sikukuu au Tarehe ya Mwisho?

Agosti 2025 Rais William Ruto wa Kenya alitangaza kwamba Agosti 27 itaadhimishwa kila mwaka kama Siku ya Katiba. Ni tarehe ambayo Mwai Kibaki, aliyekuwa Rais wakati huo, alitia sahihi Katiba mpya pale Uhuru Park mwaka 2010. Ila tangazo lilikuja na sharti: siku hiyo ni ya kazi kama siku nyingine. Hakuna kulala, hakuna kupanda basi la kwenda ushago. Ubishi ukaanzia hapo. Je, siku yenye uzito huo haistahili likizo?

Wanaodai likizo wana hoja. Kifungu cha 9 cha Katiba kinataja siku tatu za kitaifa: Madaraka, Juni 1, Mashujaa, Oktoba 20, na Jamhuri, Desemba 12. Zote chimbuko lake ni mapambano ya kumwondoa Mwingereza. Hakuna hata moja inayotukumbusha kwamba Agosti 4, 2010 Wakenya walipiga foleni, na takriban thuluthi mbili ya waliopiga kura wakaikubali sheria ya kujitawala waliyojitungia wenyewe. Tena sikukuu hufundisha kimyakimya. Mtoto asipoenda shule huuliza kwa nini.

Wahindi wameyatenganisha mambo haya mawili, likizo na kumbukumbu ya Katiba. Katiba yao ilipitishwa Novemba 26, 1949, lakini wakasubiri hadi Januari 26, 1950 ianze kutumika, kwa kuwa Januari 26 ya mwaka 1930 ndiyo siku waliyoitangaza azma ya uhuru kamili. Januari ni likizo na gwaride. Novemba 26, ambayo ilitangazwa kuwa Siku ya Katiba mwaka 2015 tu, watu huenda kazini na kusoma utangulizi wa Katiba kwa sauti. Ruto, kwa kujua au kutojua, amefuata njia ya Novemba.

Upande wa pili, usiotaka likizo, una ushahidi wa nyumbani, na ushahidi huo ni Oktoba 10, iliyokuwa sikukuu ya Siku ya Moi kwa heshima ya Rais Daniel arap Moi. Katiba ya 2010 haikuitaja Siku ya Moi, basi serikali ikaacha kuiadhimisha. Kilichosahaulika ni kwamba Kifungu cha 9 kinaliachia Bunge nafasi ya kuweka sikukuu nyingine kwa sheria, na Sheria ya Sikukuu za Umma ilikuwa bado inaitaja Siku ya Moi. Hakuna aliyeifuta. Novemba 2017 Mahakama Kuu ikasema wazi: mradi sheria haijarekebishwa, Oktoba 10 ni sikukuu. Mwaka uliofuata ikarudi kwenye kalenda. Tangu hapo imebadilishwa jina mara tatu: Huduma, Utamaduni, na sasa Mazingira. Ukimsimamisha mtu stejini Oktoba 10 umuulize anapumzika kwa ajili ya nini, usishangae akikujibu kwamba ni likizo tu. Likizo inaweza kudumu huku kumbukumbu yake imekwisha kufa.

Kuna jambo jingine ambalo sherehe hulificha. Picha tuliyo nayo ya Agosti 27 ni ya Rais akiinua Katiba mbele ya umati. (Miongoni mwa wageni jukwaani alikuwepo Omar al-Bashir wa Sudan, ambaye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imetoa hati ya kumkamata, na Kenya ni mwanachama wa mahakama hiyo. Katiba mpya haikumaliza hata siku moja kabla ya kupewa mtihani.) Lakini soma Kifungu cha 263: Katiba ingeanza kutumika Rais akiitangaza rasmi, au siku 14 zikipita tangu matokeo ya mwisho ya kura ya maamuzi yachapishwe katika Gazeti Rasmi, lolote litakalotangulia. Kwa maneno mengine, hata Kibaki angekataa kushika kalamu, ingeanza. Nguvu ilitoka kwa wapiga kura wa Agosti 4. Ukitaka kubishana kuhusu tarehe ya kukumbukwa, hiyo ndiyo mpinzani wa kweli wa Agosti 27.

Hata hivyo Agosti 27 ina sifa ambayo Agosti 4 haina: ndiyo siku saa ilipoanza kuhesabu. Jedwali la Tano la Katiba linaorodhesha sheria ambazo Bunge lilipaswa kutunga, kila moja na muda wake tangu siku hiyo. Sheria ya uongozi na uadilifu ilipewa miaka miwili, ya ardhi ya jamii mitano. Muda ukielekea kwisha, Kifungu cha 261 kinaruhusu Bunge kuongeza mwaka mmoja tu, mara moja tu kwa kila jambo, kwa kura za thuluthi mbili ya wabunge wote. Sheria ya Ardhi ya Jamii ilihitaji nyongeza hiyo, na Rais akaitia sahihi Agosti 31, 2016. Bunge likishindwa kabisa, mtu yeyote anaweza kwenda Mahakama Kuu, na mwisho wa safari Jaji Mkuu humshauri Rais alivunje Bunge.

Hilo si la kwenye karatasi tu. Kanuni ya thuluthi mbili ya jinsia inasema hakuna jinsia itakayochukua zaidi ya thuluthi mbili ya viti. Desemba 2012 Mahakama ya Juu ilitaka sheria ya kuitekeleza iwe tayari kufikia Agosti 27, 2015. Miswada ya kubadilisha Katiba ilihitaji wabunge 233 kati ya 349, na zaidi ya mara moja idadi haikufika. Septemba 21, 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamwandikia Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge. Mahakama ikasimamisha ushauri huo, na Bunge likaendelea na kazi.

Waingereza nao wana somo lao. Magna Carta, hati iliyomwekea mfalme mipaka, ilipigwa muhuri Juni 15, 1215 kule Runnymede, na Papa Innocent III akaibatilisha Agosti 24 mwaka uleule. Ilidumu wiki kumi. Kilichoiokoa ni kutolewa upya mwaka 1216, 1217 na 1225, kila mara ikirekebishwa. Dunia husherehekea Juni 15, ilhali kazi ilifanyika katika miaka iliyofuata.

Ndiyo maana naegemea siku ya kazi, ingawa naona udhaifu wake: siku ya kazi isiyo na kazi mahususi huishia hotuba na fulana. Saba Saba ya 1990 (maandamano ya Julai 7 ya kudai vyama vingi) na Juni 25, 2024 (siku waandamanaji walipovamia Bunge) hazijawahi kuhitaji tangazo la serikali ili zikumbukwe. Mwaka 2025 polisi walifunga barabara za kuingia katikati ya Nairobi katika tarehe zote mbili. Siku ya Katiba haina kumbukumbu ya aina hiyo. Ilichonacho ni Jedwali la Tano na tarehe zilizopita. Spika angeweza kuanza kikao cha siku hiyo kwa kusoma yaliyobaki bila kutekelezwa, na ya kwanza ingekuwa ile ya Agosti 27, 2015.