Mikopo ya asilimia 10: nani akabidhiwe, halmashauri au benki?

Kila halmashauri ya Tanzania Bara inatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani na kuyakopesha bila riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huu ulikuwepo tangu miaka ya 1990, ila kwa muda mrefu ulikuwa agizo tu. Mkurugenzi aliyetaka alitenga, asiyetaka alisema makusanyo hayakutosha. Mwaka 2018 Bunge likaongeza kifungu cha 37A katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kanuni zikafuata mwaka 2019, na tangu hapo kutotenga ni kuvunja sheria.

Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilitangazia Bunge uamuzi huo wiki chache baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Charles Kichere, kukabidhi ripoti ya mwaka 2021/22 yenye habari za vikundi hewa na marejesho yasiyofuatiliwa. Halmashauri ziliambiwa ziendelee kutenga lakini zisikopeshe. Mikopo iliporudi katika mwaka wa fedha 2024/25 ilirudi kwa njia mbili. Halmashauri 10 ziliteuliwa kujaribu kukopesha kupitia benki: majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, manispaa za Kigoma Ujiji na Songea, miji ya Newala na Mbulu, na wilaya za Siha, Nkasi, Itilima na Bumbuli. Nyingine 174 zilibaki na utaratibu wa halmashauri kukopesha zenyewe, safari hii kukiwa na kamati zaidi za uhakiki na maombi ya kielektroniki.

Tangu hapo watu wamegawanyika. Wapo wanaosema halmashauri iondolewe kabisa kwenye kukopesha, wapo wanaosema benki itamfukuza mama ntilie mlangoni. Nimezisikiliza pande zote mbili na naona zinabishana kuhusu nani ashike mfuko, wakati fedha hizi hupotea zikishatoka mfukoni: siku ya pili, mwezi wa tatu, mwaka wa pili. Swali la nani atafuatilia, kwa mafuta ya nani, na atawajibika kwa nani asipofuatilia, limeachwa pembeni. Hata hivyo hoja za kila upande zinastahili kupimwa, kwa sababu hizi si fedha za mfadhili. Ni ushuru wa mazao aliokatwa mkulima, leseni ya mwenye duka na ushuru wa meza ya muuza nyanya. Zikipotea, aliyeibiwa ni yuleyule aliyekuwa akopeshwe.

Tuanze na wanaotaka benki. Hoja yao ni nzito. Mtazame Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Yeye ndiye anayehamasisha watu waunde kikundi, anayewaelekeza namna ya kuandika katiba na andiko la mradi (mara nyingi humwandikia mtu asiyejua), anayekihakiki, anayekipendekeza, kisha huyohuyo ndiye anayetarajiwa kugonga mlango kudai rejesho. Juu yake kuna diwani anayewahitaji watu hao kama wapiga kura, na mkurugenzi anayeulizwa na mkoa kama fedha zimetoka au hazijatoka. Kumtaka afisa huyo akatae kikundi kilichobebwa na wakubwa ni kumtaka awe shujaa kila wiki kwa mshahara uleule.

Kikundi hewa nacho hakihitaji ujanja mkubwa. Inatosha katiba iliyonakiliwa kutoka kikundi kingine na kubadilishwa jina, muhtasari wa kikao ambacho hakikufanyika, picha za pasipoti, muhuri wa ofisi ya mtaa na wa mtendaji wa kata, na akaunti yenye watia saini ambao mmoja wao ni ndugu wa mtu. Fedha huingia asubuhi na kutolewa kabla ofisi hazijafungwa. Ukienda kutafuta mradi wa kufuga kuku unaonyeshwa banda la jirani. Ndani ya faili kila karatasi iko mahali pake, na ndiyo maana mkaguzi akija baada ya mwaka mmoja hukuta karatasi safi na watu hawapo.

Benki inaweza kuziba baadhi ya matundu haya. Inamtambua mteja kwa kitambulisho cha taifa, inaweza kuona kama ana deni kwingine, na anayeidhinisha mkopo hana kura ya kutafuta. Benki pia ina desturi ambayo halmashauri hazijawahi kuizoea: mkopo ukichelewa siku chache, simu inapigwa. Katika halmashauri nyingi hiyo simu hupigwa wakati mkaguzi yuko njiani.

Sasa upande wa pili. Jambo la kwanza linalosemwa ni umbali, na ni kweli. Jiji la Dar es Salaam lina matawi na mawakala kila kona. Nkasi na Itilima hazina neema hiyo. Mwanamke anayeishi kijijini akitakiwa kwenda tawini mara tatu kabla ya kupata mkopo, nauli na siku za shamba alizopoteza zinageuka kuwa riba, hata kama karatasi inasema mkopo hauna riba. (Maombi ya mtandaoni yameleta gharama ya aina hiyohiyo kwa wasio na simu janja: wanakwenda steshenari kujaziwa fomu, na wanalipia.)

La pili ni kwamba mikopo hii iliwekwa kwa ajili ya watu ambao benki imewaacha. Kijana asiye na hati ya kiwanja, mama anayechoma vitumbua, fundi cherehani mwenye ulemavu wa miguu: wote hawa wangekuwa na pa kukopa, wasingekuwa wanakimbilia mikopo ya kausha damu na kunyang'anywa magodoro na televisheni. Ukilipatia jukumu la kuchuja watu shirika ambalo kazi yake ya kila siku ni kuwakwepa watu wa aina hiyo, litachuja kwa mazoea yake. Fomu itasema hakuna dhamana, lakini mwenye duka ndiye atakayepita na mwenye genge atabaki.

Ila hoja ninayoiona nzito kuliko zote haisemwi sana. Benki inapokopesha fedha za wenye amana, hasara ni yake, na hofu hiyo ndiyo inayoifanya ifuatilie. Hapa fedha ni za halmashauri. Mkopo usiporudi, benki haijapoteza shilingi. Imepitisha tu fedha za mwingine na kuchukua ada yake. Ile nidhamu tunayoitamani kwa benki inatokana na fedha zake kuwa hatarini, na haitahamia kwenye mikopo hii kwa sababu tu nembo ya benki iko juu ya fomu. Kama mkataba wa halmashauri na benki haufungi malipo ya benki na kiasi kinachorejeshwa, tutakuwa tumehamisha kaunta tu.

Kenya imetupa funzo la karibu. Mfuko wa Hustler ulizinduliwa Novemba 2022, mtu anakopa kwa simu bila kupitia afisa wala diwani, tena kwa riba. Upendeleo wa ofisini ukawa umeondolewa, lakini mabilioni ya shilingi za Kenya hayakurudi. Kumwondoa mtu katikati hakukutosha.

Zaidi ya hapo, si haki kusema watu wetu hawalipi. Serikali ilipotangaza kwamba takribani shilingi bilioni 228 zingekopeshwa mikopo ikirejea, sehemu ya fedha hizo, takribani bilioni 63, ilikuwa marejesho. Wapo wanawake wengi waliorudisha kila senti, na ni fedha walizorudisha wao zilizokaa benki mwaka mzima na zaidi huku wao wakiambiwa wasubiri, kwa makosa ya vikundi ambavyo havikuwahi kuwepo. Hilo linaniuma kuliko takwimu yoyote ya hasara. Kusimamisha kulikuwa na sababu, lakini adhabu ilimpata aliyelipa sawasawa na aliyeiba.

Jambo jingine ambalo halitatatuliwa na benki wala halmashauri ni kikundi chenyewe. Kanuni za 2019 zilitaka kikundi cha wanawake au vijana kiwe na watu wasiopungua kumi. Mwaka 2021 idadi ikashushwa hadi watano, na mtu mwenye ulemavu akaruhusiwa kukopa peke yake. Ilikuwa hatua nzuri, ila haikugusa kiini. Chukua vijana watano wanaopewa shilingi milioni 10 za mradi wa bodaboda. Pikipiki moja mpya ya biashara inazunguka milioni tatu, kwa hiyo wananunua tatu, na kinachobaki kinaishia kwenye bima, usajili na kofia. Pikipiki tatu, vijana watano. Watatu wanaendesha, wawili wanasubiri hesabu ya siku. Mmoja akigongwa, pikipiki inalala gereji, na wale wawili ambao hawajawahi kushika usukani wanakumbushwa kwamba nao wanadaiwa. Hapo kikundi kimekufa, hata kama hakuna aliyeiba.

Wanaotetea vikundi husema dhamana pekee ya maskini ni mwenzake, na mfano wao ni vikoba. Mfano ni mzuri, lakini unawageukia. Kwenye kikoba watu huanza kwa kuweka akiba. Wanakutana kila wiki, wanajuana nani hulipa na nani hutoroka, na anayekopa anakula fedha za jirani anayemtazama usoni. Kikundi cha asilimia 10 mara nyingi huzaliwa siku tangazo linapobandikwa. Ningependa kuona halmashauri zikianza na vikundi vilivyokwisha kuweka akiba pamoja kwa muda, vya kikoba vikiwemo, na mwenye biashara inayoonekana akopeshwe peke yake kama alivyoruhusiwa mtu mwenye ulemavu. Najua idadi ya wanufaika kwenye taarifa za robo mwaka ingeshuka.

Na hapo ndipo lilipo tatizo la hesabu. Halmashauri hupimwa kwa mambo mawili: imetenga kiasi gani, imetoa kiasi gani. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30, na anayefikia siku hiyo fedha zikiwa bado kwenye akaunti ataulizwa kwa nini. Matokeo yake ni hundi za mfano kubwa kama mlango, hafla yenye mahema na kwaya, na fedha kutoka wakati unaomfaa mhasibu badala ya mkopaji. Newala, kwa mfano, makusanyo hupanda minada ya korosho inapoanza Oktoba. Kalenda ya mikopo ingeweza kufuata msimu huo, mkulima akalipa mnada ukilipa. Sijasikia hafla ikifanywa kwa ajili ya halmashauri iliyorejeshewa asilimia 95 ya mikopo yake.

Ukubwa wa mfuko nao unabadilisha jibu. Halmashauri inayokusanya shilingi bilioni 2 kwa mwaka itatenga milioni 200: milioni 80 za wanawake, 80 za vijana, 40 za watu wenye ulemavu. Ikiwa na kata 20, wanawake wa kata moja wanapata milioni nne. Kwa kiasi hicho, mkataba wa benki, kamati za ngazi tatu na mfumo wa kompyuta ni mzigo mkubwa kuliko mkopo wenyewe, na afisa mmoja mwaminifu mwenye pikipiki na mafuta angewajua wakopaji wote kwa majina. Jiji la Dar es Salaam ni habari nyingine. Huko fedha ni nyingi mno na watu hawajuani, na mimi ningeipa benki kazi hiyo bila kusita, ili mradi ilipwe kwa kadiri inavyorejesha. Kwa hiyo sioni kwa nini lazima upatikane utaratibu mmoja kwa halmashauri zote 184.

Jambo moja lingefaa pote, na ni la bei ndogo. Orodha ya vikundi vilivyokopeshwa, kiasi, aina ya mradi na deni lililobaki ibandikwe kwenye ofisi ya mtaa au kijiji, na isomwe kwenye mkutano mkuu wa wananchi pamoja na mapato na matumizi. Watakuwepo wanaosema ni kuwaaibisha wakopaji. Naielewa hofu hiyo, na jina la aliyeuguliwa au kufiwa lisisomwe kama jina la mwizi. Lakini hizi ni fedha za wote, na hakuna mkaguzi wa Dodoma anayeweza kugundua kikundi hewa haraka kama mama wa mtaa huo anayesikia kwamba jirani yake, ambaye hajawahi kufuga hata njiwa, ana mradi wa kuku 500.

Kwa halmashauri 10 za majaribio, ningependa madiwani waombe kwenye baraza takwimu nne tu: waombaji wangapi walikataliwa na kwa sababu gani, mkopo ulichukua siku ngapi tangu kuombwa hadi kutoka, kiasi gani kimerejeshwa kwa wakati, na benki imelipwa nini. Takwimu hizohizo ziombwe kwenye zile 174, zikitenganishwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fungu la mwisho, la asilimia 2, lipewe ukurasa wake, maana ndilo dogo kuliko yote na ndilo lenye wakopaji ambao ngazi za jengo la benki au la halmashauri zinaweza kuwazuia kabla hata ya kuiona fomu.