Usimpe Mbwa Jembe Siku ya Tatu

Mtu akisema anatafuta mbwa wa kufuga, karibu kila mara ushauri wa kwanza anaopewa ni huu: chukua mdogo, umlee mwenyewe, akujue wewe tu. Samaki mkunje angali mbichi. Kwa sababu ya ushauri huo, mbwa wa miaka minne, mitano, hata saba hubaki kwenye vituo vya wanyama waliookolewa, wakiwatazama watu wanaopita mbele ya vizimba vyao bila kusimama, moja kwa moja hadi kwa watoto wa mbwa. Ushauri wenyewe una ukweli ndani yake, nao nitautaja kwanza. Lakini naamini sehemu kubwa ya hofu tuliyonayo juu ya mbwa aliyekomaa inatokana na jambo moja: tunampima siku ambayo hapaswi kupimwa.

Wenye shaka wana hoja. John Paul Scott na John Fuller, waliowachunguza mbwa kwa miaka mingi huko Maine, Marekani, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965, walionyesha kwamba kuna dirisha fupi katika utoto wa mbwa, kuanzia wiki ya tatu hivi hadi karibu ya kumi na mbili. Anachokizoea katika majuma hayo, iwe ni watoto wanaokimbia, fagio, pikipiki au mwanamume aliyevaa kofia, huwa kwake jambo la kawaida. Asichokutana nacho anaweza kukiogopa maisha yake yote. Anayechukua mbwa wa miaka mitano anachukua pia utoto ambao hakuuona, na hakuna mapenzi yatakayorudisha majuma hayo. Ongeza gharama za daktari wa mifugo kwa meno na viungo vya mbwa mwenye umri, na ongeza kwamba miaka iliyobaki ni michache, hasa kwa mbwa wenye miili mikubwa ambao huzeeka upesi kuliko wadogo. Haya ni ya kweli na anayeyaogopa si mtu mwenye roho mbaya.

Ila methali ya samaki inasahau kwamba anayemkunja hamjui bado. Mtoto wa mbwa wa wiki nane ni ahadi. Hujui atakuwa na urefu gani, hujui atakuwa mpole au mkali, hujui kama atavumilia paka. Mwaka 2013 uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi kuhusu tabia za mbwa ulikuta kwamba tabia ya mbwa aliyekomaa inabaki ile ile kwa kiasi kikubwa kuliko ya mtoto wa mbwa. Kwa maneno mengine, anayedhani anachagua tabia kwa kuchagua mdogo kuliko wote anabahatisha zaidi ya yule aliyesimama mbele ya mbwa wa miaka sita.

Tena kuna kazi. Mtoto wa mbwa hawezi kuzuia mkojo kwa saa nyingi, mchana wala usiku. Meno yake 28 ya utoto yataanguka na 42 ya ukubwani yatachomoza, na katika kipindi hicho chochote kilichoachwa sakafuni ni chake. Kisha unakuja ujana, miezi ya nguvu nyingi na masikio yasiyosikia, na hapo ndipo watu wengi huchoka. Vituoni wamejaa mbwa walioletwa katika umri huo. Jambo hili huniuma kila nikilifikiria: mbwa mkubwa tunayemwogopa kizimbani mara nyingi ndiye yule mtoto ambaye mtu fulani alimchukua kwa kufuata ushauri ule ule wa kumkunja angali mbichi.

Sasa nirudi kwenye siku ya kupima. Tuna methali nyingine: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa binadamu ni sawa, maana mgeni anajua amekuja wapi na ataondoka lini. Mbwa aliyetolewa kituoni hajui lolote kati ya hayo. Wanaofanya kazi na mbwa hao wana hesabu yao ya tatu tatu: siku tatu za kutulia pumzi, wiki tatu za kujua utaratibu wa nyumba, miezi mitatu ya kuanza kujiona yuko kwake. Hesabu hiyo haikutoka maabara, na mbwa mmoja atahitaji wiki mbili pale mwingine anapohitaji mwaka. Lakini inaendana na kile kilichopimwa.

Mwaka 1997 Michael Hennessy na wenzake walipima damu ya mbwa waliokuwa katika kituo kimoja nchini Marekani, wakitafuta kotisoli, homoni inayopanda mwili ukiwa katika msongo. Mbwa waliokuwa na siku moja hadi tatu kituoni walikuwa na kiwango cha juu kuliko waliokaa zaidi ya siku tisa. Siku tatu za kwanza katika mahali pageni, basi, mwili wenyewe unapiga kengele. Mbwa huyo akikataa kula, akikojoa zuliani, akiunguruma ukimkaribia alipojificha, unachokiona ni kengele hiyo. Na hapo hapo ndipo familia nyingi huamua: huyu hatufai, arudishwe.

Kipimo kingine ndicho kilichonifanya niandike haya. Mwaka 2019 Lisa Gunter na wenzake walitoa taarifa ya mbwa 207 wa vituo vitano vya Marekani waliopelekwa kulala usiku mmoja au miwili nyumbani kwa watu, kisha wakarudishwa. Walipima kotisoli katika mkojo wao kabla, wakati na baada. Walipokuwa nyumbani ilishuka. Waliporudi kizimbani ilipanda hadi pale ilipokuwa. Usiku mmoja au miwili tu, kwa watu wasiowajua. Pia nyakati zao ndefu kuliko zote za kupumzika bila kukatizwa zilipatikana huko walikolala ugenini. Kwangu tafiti hizo mbili hazipingani: mbwa anaweza kuwa na hofu ya nyumba mpya na bado mwili wake ukawa umeanza kutua mzigo. Mwenye nyumba anaiona hofu kwa macho. Mzigo unaotuliwa hauonekani bila kipimo, na nani ana kipimo cha kotisoli jikoni kwake? Kwa hiyo tunaamua kwa kutumia nusu ya habari, na ni ile nusu inayomhukumu mbwa.

Mimi mwenyewe nilikaribia kuamua hivyo. Jivu, tuliyempa jina kwa rangi ya manyoya yake, alikuja kwetu akiwa na umri uliokadiriwa kwa kutazama meno: miaka saba hivi. Siku nne hakula mbele yetu. Sahani niliyoiweka jioni ilikuwa imelambwa asubuhi, na maji alikunywa gizani tu. Nilikuwa nikilala nikisikia ulimi wake bakulini, taratibu, unaacha, unasikiliza, unaendelea. Mchana alilala kifudifudi, miguu yote minne chini ya tumbo, uso mlangoni, kama mtu aliyeketi stendi na begi mapajani. Nyumbani walianza kuuliza kama ana ugonjwa. Siku ya kumi na tisa nilikuwa napanga nguo, nikasikia mshindo mdogo nyuma yangu. Alikuwa amejibwaga ubavu, miguu imenyooka, tumbo wazi, jicho moja limefumba. Nilibaki nimesimama na shati mkononi, nikiogopa hata kulikunja.

Najua upande wa pili utasema: wako alikuwa mwoga, na si kila mbwa ni mwoga tu. Kuna wanaouma. Ni kweli, na hapa vituo navyo vina lawama. Baadhi huwajaribu mbwa kwa kuwanyooshea mkono wa plastiki wanapokula, wakiunguruma wanaandikiwa kuwa hatari. Mwaka 2016 Gary Patronek na Janis Bradley walionyesha kwa hesabu kwamba majaribio ya namna hiyo, yakifanywa kituoni, hayana uwezo wa kutabiri unaozidi sana kurusha sarafu. Hilo linakata pande zote mbili: mbwa aliyefeli huenda ni mpole, na aliyefaulu huenda akashtua watu. Wanaosema "mpende tu, atabadilika" wanawadanganya wanaochukua, na wanamwandalia mbwa kurudishwa mara ya pili. Kituo kinapojua kwamba mbwa amewahi kuuma, kiseme, tena kwa maandishi. Nyumba yenye mtoto anayetambaa haipaswi kupewa mbwa ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiwa na watoto, hata kama kizimba kimejaa na moyo unauma. Kabla ya yote awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Kwa hilo hakuna mjadala.

Kwa hiyo nikipima, hoja za wenye shaka zinanifikisha kwenye uchaguzi makini zaidi, hazinifikishi kwenye kuchukua mdogo. Kinachofaa kudaiwa ni muda. Omba kukaa naye nyumbani kwanza, wiki moja au mbili, kabla ya kutia saini. Kituo kinachokataa kiulize kwa nini. Katika majuma hayo usialike wageni wa kumtazama, usimwogeshe, usimvute atoke alipojificha. Mpe pembe moja ya nyumba isiyopitwa na watu, chakula saa zile zile, na njia ile ile ya matembezi hadi aikariri. Kupiga miayo asipokuwa na usingizi, kujilamba pua, kugeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana: hiyo ni lugha yake ya kusema bado. Anayeijua hafiki kwenye muungurumo.

Na baada ya miezi mitatu, kitakachobaki ndicho tabia. Kwa Jivu zilibaki furaha nyingi na hofu moja. Sasa ana miaka tisa, anakula mchana kweupe, na wageni anawapokea mlangoni kwa mkia unaopiga kila kitu. Lakini geti la chuma likigongwa kwa nguvu bado anaingia chini ya meza, mbio, masikio yamelala. Yaliyompata kabla yetu siyajui, na miaka miwili haikuyafuta. Tumemtandikia blanketi huko chini ya meza.